Mama na Makopo Yasiyo na Sukari

Mama yangu hakuwa mtu wa kutupa kitu chenye herufi za Kiarabu. Karatasi ya kufungia tende, mfuko wa mchele, boksi la majani ya chai, kila kilichokuja na herufi zile alikichunguza kwanza, akakifuata kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto, na kama hakukielewa, ambavyo ndivyo ilivyokuwa mara zote, alikiweka mahali pa juu. Alisoma chuo cha Kurani akiwa binti mdogo huko kwao milimani Kondoa, na alifundishwa kutamka bila kufundishwa maana. Kwake herufi zile zilistahili adabu hata zikiwa kwenye kopo la kinywaji. Ndiyo maana miaka ile, juu ya kabati letu la vyombo hapa Dodoma, kulikuwa na makopo matupu ya rangi ya fedha yaliyopangwa safu, na mgeni asiyetujua angedhani tunayauza.

Makopo yale niliyaleta mimi. Nalisema hili mapema ili lawama ianze kutembea kuelekea mahali pake.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, kijana wa miaka thelathini na kitu, sina mke, nina tai mbili. Bunge likikutana mji ulifurika wageni kutoka Dar es Salaam, nyumba za kulala wageni zikajaa, na wenye maduka wakaagiza vitu ambavyo sisi wenyeji tulikuwa tukivisikia tu. Biashara ilikuwa imeshafunguliwa miaka mingi, lakini Dodoma ilifunguka kwa awamu, kikao kwa kikao. Kikao kimoja kilituletea jibini. Kingine kilituletea karatasi laini za kupangusia pua zilizokunjwa ndani ya boksi. Na kikao kimoja kikatuletea kinywaji cha kuongeza nguvu, ambacho watu ofisini walikiita enaji, kwenye makopo membamba yaliyopitia Dubai.

Mwenye duka nililonunua alikuwa Mrangi mwenzetu wa Kondoa, mtu ambaye wakati wa shida aliuza chumvi na mafuta ya taa tu na alikuwa na huzuni ya kudumu. Sasa alikuwa na jokofu lenye mlango wa kioo. Alinionyesha makopo ya aina mbili, moja la kawaida na jingine lisilo na sukari.

"Hili la kawaida wananunua vijana," aliniambia. "Hili jingine ni la watu wanaojielewa."

Nikanunua la watu wanaojielewa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba sukari ni mbaya, na nilikuwa aina ya mtu ambaye akishasoma jambo mara moja hawezi kukaa nalo peke yake. Wiki ile nilieleza madhara ya sukari kwa ofisi nzima, wakiwemo wawili waliokuwa wakinisikiliza huku wanachovya maandazi kwenye chai. Asubuhi niliacha kunywa chai nyumbani. Nilifika ofisini na kopo langu, nikaliweka mezani upande wenye maandishi ukiwa umewaelekea wageni, nikanywa taratibu mpaka saa sita. Saa sita njaa ikibisha nilifungua la pili. Nilijiona nina mpangilio mzuri wa chakula, kwa sababu ndani yake hapakuwa na chakula.

Mikono ilianza kunitetemeka kidogo. Nikasema ni nguvu.

Mama alikuwa amehamia kwangu kutoka Kondoa mwaka uliotangulia, baada ya baba kufariki. Alisema amekuja kunitunza mpaka nitakapooa, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua kwamba atakaa sana. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye maneno machache ya Kiswahili na mengi ya Kirangi, na mkono wake ulikuwa maarufu kwa chai. Chai yake ilikuwa na tangawizi, na ilikuwa na sukari ya kumfanya mgeni afumbe jicho moja.

Sukari ile ilikuwa na historia. Sisi watoto saba tulilelewa miaka ambayo sukari ilikuwa ya foleni. Mama alitoka mlimani alfajiri akashuka mpaka duka la ushirika, akakaa kwenye mstari na mfuko wake, na mara nyingi akarudi na mfuko ule ule ukiwa umekunjwa. Kilichopatikana kilifungiwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na sisi hatukukiona mpaka aje mgeni. Wenyewe tulikunywa uji wa uwele kama ulivyotoka chunguni. Kwa hiyo biashara ilipofunguliwa na sukari ikarundikwa madukani kwa magunia, mama hakuifurahia kwa kujificha. Aliitia. Aliitia kwa niaba ya miaka yote ile.

Kisha kliniki ikamwambia ana ugonjwa wa sukari.

"Wakati haipo nilikuwa mzima," alimwambia muuguzi siku ile. "Sasa ipo, ndiyo mnaniambia niache. Si mngeniambia wakati ule ule, nisingepanga foleni."

Muuguzi alicheka, akampa vidonge vya kunywa pamoja na chakula, akamweleza asiruke mlo hata mmoja. Mama akaitikia. Aliitikia vizuri hadi muuguzi alipoongeza kwamba kwa hali ile, Ramadhani inayokuja asifunge, labda vipimo vishuke sana kabla ya hapo, ndipo daktari aangalie upya. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele yangu, na nilipomuuliza kama anaumwa alisema, "Tangu nivunje ungo sijamla Mungu siku yake hata moja bila kuilipa." Nilijua anasema kweli. Hata siku ambazo mwanamke huruhusiwa kula alizilipa haraka, kabla wengine hawajamaliza kuchana nywele za Idi. Kufunga ndiko kulikokuwa fahari yake, pengine fahari pekee aliyojiruhusu, na sasa alikuwa na miezi mitatu ya kuishusha sukari ama aipoteze fahari hiyo.

Aliacha sukari siku hiyo hiyo. Alikunywa chai kavu huku amekunja uso, akisema ina ladha ya maji ya kuoshea sufuria. Siku ya nne nilimkuta ameshika kikombe tu, hanywi, anatazama nje. Ilinitia huruma, na huruma ikiingia kwa mtu mjuaji hufanya kazi haraka. Nilikwenda dukani nikarudi na kopo.

"Mama, onja hiki. Ni kitamu na hakina sukari."

Alilipokea, akaligeuza, akakuta upande wa pili una Kiarabu. Akavaa miwani. Kidole kikaanza safari yake, midomo ikatembea, na alipofika kwenye neno la sukari alilitambua, kwa maana neno hilo halijabadilika sana njiani. Akaninong'oneza kwamba kweli imetajwa.

"Imetajwa kwamba haimo," nilisema.

"Imetajwa," alisema, akaonja. Akafumba jicho moja.

Aliuliza wameutoa wapi utamu kama si kwenye sukari. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nilisema kwamba wataalamu wameondoa sukari yote, kwamba kinywaji hiki ni salama kabisa kwa mtu kama yeye, na kwamba mimi mwenyewe nanywa kwa ajili ya afya. Nilisema pia, Mungu anisamehe, kwamba kinasafisha mwili. Sikuwa na sababu ya kusema hivyo. Ilinijia tu mdomoni na ilikaa vizuri.

Kuanzia wiki ile mama alikuwa mtu mwingine. Nikirudi kazini nilikuta ua umefagiliwa mara mbili, na mchanga umechorwa mistari ya ufagio kama shamba lililopigwa haro. Alifua mablanketi yaliyokuwa safi. Alipanda mchicha mahali ambapo mwenye nyumba alikuwa ametukataza tusipande hata ua. Aliongea bila kituo, akianza habari ya mtu mmoja wa Kondoa na kuimalizia kwa mwingine. Usingizi alisema umepungua, lakini kwa umri wake, alisema, usingizi wa nini. Nilifurahi. Nilimsifu kwa majirani, na kwa kumsifu yeye nilijisifu na mimi.

Safu juu ya kabati ilirefuka. Ilipofika ukutani ikaanza safu ya pili mbele ya ile ya kwanza, ingawa mimi nilikuwa nikileta kopo moja kwa siku. Nilidhani mwenye duka anamtumia nyongeza kwa sababu ya ukabila. Kwa karani ambaye kazi yake ilikuwa kukagua idadi za vitu, sikukagua sana.

Siku ya kliniki, juma la pili la Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, mama alivaa kanga mpya. Alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kupokea cheti. Tulikaa kwenye benchi pamoja na wengine, wote wakiwa hawajala, na yeye akawahubiria wawili waliokuwa karibu kwamba sukari inashuka ukijua la kufanya. Muuguzi alikuwa yule yule, mama wa makamo, Mgogo, mwenye utaratibu wa kumwamkia kila mzee kabla ya kumchoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Choma, mwanangu, sina wasiwasi."

Akamchoma kidole, akasoma kipimo, akakisoma tena. Akamfunga mkanda wa presha mkononi, akaubana, akasikiliza mapigo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Sukari haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda juu ya pale ilipokuwa, na presha, ambayo mara ya kwanza ilikuwa ya kawaida, nayo imepanda, na moyo unakwenda mbio.

"Mama, unatumia sukari?"

"Sitii sukari kwenye chai yangu tangu siku ile. Muulize huyu."

Nikathibitisha. Nilithibitisha kwa kichwa kizima.

"Kabisa? Hata kidogo?"

"Chai yangu haina," mama alisema. "Labda ile ya wageni."

Muuguzi akaacha kuandika. "Ya wageni unakunywa wewe?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anawafungia wageni mlango. Akamweleza taratibu, kwa huruma, kwa kuwa muuguzi alikuwa Mgogo na pengine kwao mambo yalikuwa tofauti. Kwetu mgeni hapewi chai akaachwa anywe peke yake. Mwenye nyumba anamimina kutoka birika moja, anatangulia kunywa yeye, mgeni anafuata, na wanakwenda sawa mpaka vikombe viishe. Ukimpa mgeni chai isiyo na sukari umemtukana. Ukimpa yenye sukari na wewe ukanywa kutoka birika jingine, umemtukana zaidi, maana atajiuliza umemtilia nini.

"Na kwa siku wanakuja wageni wangapi?"

Mama akahesabu kwa Kirangi, kwa vidole, akapita mkono wa kwanza.

"Lakini mimi siiachi humo tumboni," aliongeza, akimtuliza. "Wakiondoka tu, nasuuza."

"Unasuuza na nini?"

Na mama, kwa fahari zote, akafungua kikapu chake akatoa kopo la rangi ya fedha, ambalo alikuwa amelibeba kwa ajili ya kurudia nyumbani, akaliweka mezani juu ya kadi. Kila kikombe cha mgeni alikifuta kwa nusu kopo. Wageni wakiwa wengi, makopo yalikuwa mengi, na ya nyongeza alijinunulia mwenyewe kwa pesa ya mchicha. Hakuwa akidanganya mtu. Kilichosemwa kinasafisha, alikuwa akisafishia.

Nilitazama sakafu ya kliniki ile. Ilikuwa ya saruji, na imepasuka kidogo karibu na mlango.

Muuguzi hakucheka, na nilimpenda kwa hilo. "Mama yangu, kitu kisicho na sukari hakiondoi sukari. Ukila chumvi ukanywa maji, chumvi si bado umeila?"

Mama akafikiri. "Nimeila," alisema.

"Basi. Na hili kopo halijasema uongo, sukari haimo. Lakini imo dawa ile iliyomo kwenye kahawa, na humu wameitia kwa wingi. Ndiyo inayokukimbiza moyo na kukunyima usingizi. Wewe mwenye presha usiliguse tena." Akanigeukia. "Kijana mzima akinywa kopo moja siku moja moja, hatakufa. Ila asiseme amekula. Wewe umekula nini leo?"

Nikasema mimi sikuja kupimwa.

"Nimekuuliza umekula nini."

Saa ilikuwa inakaribia tano. Nikasema nimekunywa kopo. Akauliza jana mchana nilikula nini, na mama akawahi kujibu kwa niaba yangu kwamba mtoto huyu ana miezi hajala mchana, anasema ni afya. Muuguzi akaufungua ule mkanda akaufunga kwenye mkono wangu, mbele ya benchi zima, huku tai yangu ikining'inia pembeni. Presha yangu nayo ilikuwa imepanda. Wale wawili waliohubiriwa sasa walipata cha kutazama.

"Nani alikuletea haya makopo, mama?" muuguzi aliuliza, akiandika.

Nilikuwa na muda wa kujibu. Nimeupima muda ule mara nyingi tangu siku hiyo, na ulitosha kabisa.

"Niliyaona dukani," mama alisema. "Nikapenda rangi."

Mama yangu, ambaye alinishitaki kwa baba kwa kila yai lililovunjika, ambaye aliweza kumweleza mpita njia jinsi nilivyokojoa kitandani mpaka darasa la pili, alinificha. Nami nikajificha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuizoea, na bado sikusema neno.

Kisha akauliza alichokuja kuuliza. "Kwa hiyo sitafunga?"

"Mwaka huu hapana, mama. Ukifunga na vidonge hivi unaweza kuanguka usiamke. Muulize na shehe wenu, naamini atakwambia hivyo hivyo."

"Hana haja ya kuniambia," mama alisema. "Najua. Nitalisha maskini kila siku moja mtu mmoja. Hilo ni la wagonjwa na wazee." Akachukua kadi yake, akaacha kopo pale mezani. Mlangoni alisema, si kwangu hasa, "Sikujua kama nimeshafika huko."

Tulirudi kwa miguu. Nilitaka kumwomba radhi, lakini nikaanza kumweleza habari za vipimo na jinsi ambavyo wataalamu wenyewe hawakubaliani. Alinisikiliza mpaka kona ya kwetu. Akaniambia ninyamaze kidogo, anausikia moyo wangu unavyokwenda mbio.

Yale ya wageni aliyapatia ufumbuzi bila mimi. Alitangaza mtaani kwamba kwake sasa chai ni kavu kwa wote, anayetaka utamu aje na mdomo wake, na kwa wiki mbili wageni wakapungua, kisha wakarudi. Mimi nilianza kula asubuhi, viazi na chai, chini ya ulinzi.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza nilitoka ofisini adhuhuri, badala ya kwenda msikitini nikapitia nyumbani, kwa wasiwasi ambao sikuwa na jina lake. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa, jambo ambalo hakulifanya hata mvua ikinyesha. Nikausukuma. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo, na aliposikia akafunika bakuli kwa upande wa kanga yake.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Nenda ukasali."

"Umekunywa kidonge?"

"Nimekunywa."

"Na chakula?"

Nikasogea, na pembeni ya kanga nikaona ugali wa uwele haujaguswa, na mlenda umeshaanza kupoa juu. Sijui alikuwa amekaa hivyo muda gani, kidonge tumboni na mkono mapajani. Niliogopa. Niliogopa kweli, na nikasema yale ambayo nilipaswa kuyasema kliniki, kwamba makopo niliyaleta mimi, kwamba habari ya kusafisha nilijitungia, na kwamba anisamehe.

"Nilijua umeitunga," alisema, bado kanipa mgongo. "Ila nilitaka iwe hivyo."

"Kula, mama."

"Siwezi kula mchana wa Ramadhani mtu amenisimamia. Nenda."

"Nikienda hutakula."

"Basi geukia ukuta," alisema.

Nikageukia ukuta, mtu mzima mwenye tai, nikakaa chini uso ukiwa karibu na masizi. Nyuma yangu nikasikia bismillahi ya chini sana, kisha tonge la kwanza, kisha la pili. Tulikuwa watoto saba na baba, na miaka yote ile mama alitupakulia, akasimama na mwiko mkononi mpaka tushibe, na kilichobaki chunguni alikila baadaye, sijui saa ngapi, sikuwahi kuuliza. Sasa mimi ndiye niliyekuwa na njaa na yeye ndiye aliyekuwa akila. Alianza kwa haraka, kwa aibu. Halafu akapunguza, akatafuna kama mtu mwenye nafasi yake. Sikugeuka mpaka niliposikia ananawa.